Gold Wing ya zamani yenye turbo: inakata, inagonga, inatoa moshi

Honda ilipoitoa Gold Wing GL1000 mwaka 1975 haikuiwekea turbo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili ikandamize hewa ya injini), wala haikuiachia nafasi ya turbo. Ilikuwa pikipiki ya kutembea siku nzima: silinda nne zilizolala, cc 999, injini ya kupozwa kwa maji, shafti badala ya cheni, na kabureta nne za Keihin za vakyumu. Wamarekani hawakuchelewa kuibebesha turbo, na hadi leo wapo wanaofufua vifaa vya miaka ile au wanaojiundia vyao kwa turbo ndogo za magari.

Mwongozo huu haufundishi kufunga. Ni wa aliyekwisha kufunga, pikipiki inawaka na inatembea, lakini haikai sawa. GL1100 ya 1980 hadi 1983 inaumwa magonjwa haya haya, na mengi yake utayakuta kwenye pikipiki yoyote ya safari yenye kabureta za namna hiyo.

Msimamo wangu ni huu: usinunue jeti (kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta) hata moja kabla hujajua kila tundu na kila mpira wa kabureta unahisi presha ya wapi. Matatizo mengi yanayobandikwa jina la "mchanganyiko mbaya" hayatokani na jeti. Ni tundu linalopumua nje wakati lingepaswa kupumua ndani.

Una mfumo upi?

Ipo mifumo miwili. Wa kwanza ni wa kuvuta: kabureta moja kubwa inakaa kabla ya turbo, na turbo inavuta hewa iliyokwisha changanyika na petroli, inaikandamiza, inaipeleka kwenye injini. Vifaa vingi vya miaka ya 1970 vilikuwa hivyo, na Kawasaki Z1R-TC ya 1978, iliyouzwa bila dhamana, ilikuwa hivyo. Wa pili ni wa kusukuma: turbo inakandamiza hewa tupu na kuipitisha kwenye kabureta nne zilezile. Yamaha XJ650 Turbo ya 1982 ilitoka kiwandani na mfumo huu. Honda, Suzuki na Kawasaki, katika turbo zao za miaka ya 1980, waliikwepa kabureta wakaenda kwenye injekta. Kwa hiyo kusukuma kupitia kabureta kunawezekana, ila wahandisi wa kampuni tatu kati ya nne waliona ni kujitafutia kazi.

Jua mfumo wako kabla ya kusoma dalili, maana dalili moja ina chanzo tofauti kwenye kila mfumo. Moshi wa bluu wa mfumo wa kuvuta hauna uhusiano na moshi wa bluu wa mfumo wa kusukuma.

Vipimo visivyo na mjadala ni vitatu: geji ya presha ya turbo, geji ya presha ya petroli baada ya regyuleta, na kipima mchanganyiko chenye sensa ya oksijeni ya bendi pana kwenye eksozi. Kwa geji ya petroli tumia ile yenye sensa ya umeme. Usipeleke mpira wenye petroli ya presha mpaka kwenye usukani, mbele ya kifua chako. Ongeza taa ya taiming, utakuwa na kila unachohitaji.

Kabla ya kuilaumu turbo

Mikanda ya taiming kwanza. Kwenye injini hii mkanda ukikatika, vali zinakutana na pistoni. Kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Kisha pima kompresheni ya silinda zote nne. Tofauti kubwa kati ya silinda na silinda inamaanisha unatengeneza injini, huchezi na turbo bado. Tangi la petroli liko chini ya kiti na lina umri wa kutosha kuwa na kutu, angalia chujio. Sawazisha kabureta kwa geji za vakyumu. Yote haya ni ya fundi wa kawaida, na hayahitaji maelezo zaidi.

Inavuta vizuri, turbo ikiingia inajifunga

Hii ndiyo dalili kubwa ya mfumo wa kusukuma. Pikipiki inapanda vizuri mpaka mizunguko 3,500 au 4,000, geji ya turbo inaanza kuinuka, halafu ghafla unahisi kama mtu amekufungia ekseleta. Ukiipunguza kidogo, inavuta tena. Watu wengi huruka moja kwa moja kwenye jeti kuu. Hapana.

Tazama kabureta ya vakyumu inavyofanya kazi. Slaidi, kizuizi kinachopanda na kushuka ndani ya koo la kabureta, inaning'inia kwenye diaframu ya mpira. Juu ya diaframu kuna chemba inayopata mvuto kutoka kwenye koo la kabureta kupitia kitundu cha kwenye slaidi. Chini yake kuna chemba inayopumua kupitia njia yake yenyewe. Tofauti ya presha kati ya chemba hizo mbili ndiyo inayoinua slaidi. Bila turbo, chemba ya chini inahisi hewa ya kawaida na ya juu inahisi mvuto, basi slaidi inapanda.

Sasa weka psi 5 (pauni kwa inchi ya mraba) za turbo kwenye koo la kabureta huku chemba ya chini ikiendelea kupumua nje. Juu kuna presha, chini hakuna. Diaframu inasukumwa chini kwa nguvu kuliko springi yake, slaidi inashuka, na injini inanyongwa katikati ya mwendo. Hakuna jeti duniani itakayotibu hilo.

Njia ya chini ya diaframu lazima ipumue ndani ya boksi la hewa lenye presha. Kwenye kabureta nyingi tundu lake liko mdomoni mwa kabureta, kwa hiyo boksi likifunga vizuri juu ya mdomo mzima, jambo limekwisha lenyewe. Tatizo hutokea pale mtu alipotumia mpira mwembamba unaokaba mdomo na kuliacha tundu nje, au alipoliziba kwa gundi akidhani ni uvujaji. Kuthibitisha, unganisha geji kwenye njia hiyo na utembee. Isomeke sawa na geji ya boksi la hewa, zipande pamoja na zishuke pamoja.

Chemba ya floti, yaani bakuli la petroli la kabureta, ina hadithi hiyo hiyo. Petroli hutoka kwenye jeti kwa sababu presha iliyo juu ya petroli ndani ya chemba inazidi presha ya kwenye koo. Chemba ikipumua nje wakati koo lina psi 5, petroli haitoki. Inaweza hata kurudishwa chini kwa mapovu. Hapo injini haipungui nguvu taratibu, inakufa palepale, na kipima mchanganyiko kinaruka mpaka mwisho wa upande wa hewa. Achia ekseleta mara moja, maana pistoni haipendi sekunde mbili za hali hiyo.

Na mahali unapochukulia presha ya kuzipa chemba hizo pana maana. Ukitoboa kwenye bomba jembamba mara baada ya turbo, pale ambapo hewa inakimbia, utapata kipimo tofauti na kile cha boksi, na tofauti hiyo inabadilika kadiri mwendo unavyobadilika. Utahangaika na mchanganyiko unaoyumba bila sababu. Chukua kwenye kona tulivu ya boksi. Mpira usiwe mwembamba kupita kiasi wala mrefu. Ukichelewesha presha kufika kwenye chemba, injini itasita kila unapofungua ekseleta ghafla halafu itakaa sawa.

Kama yote hayo ni sawa na slaidi bado zinasuasua, toa vifuniko. Diaframu zenye zaidi ya miaka 40 zina vitundu usivyoviona mpaka umezishika mbele ya taa.

Inakwenda sekunde chache na presha, kisha inakata na kurudi

Tofauti na dalili ya juu ni muda. Hapa injini inavuta kweli, halafu baada ya sekunde tatu au nne inaanza kumisi, inakata, inarudi, inakata. Chemba za floti zinaisha petroli.

Pampu ya asili ya GL1000 ni ya kimekanika, na ilitengenezwa kwa ajili ya kabureta zisizo na presha. Kwa mfumo wa kusukuma haitoshi. Kanuni ni kwamba presha ya petroli iwe juu ya presha ya turbo kwa psi 2 hadi 3 wakati wote. Turbo ikiwa psi 7, petroli iwe 9 au 10. Turbo ikiwa sifuri, petroli irudi 2 au 3. Hiyo inahitaji pampu ya umeme, regyuleta yenye mpira wa kutoka kwenye boksi la hewa ili ipande moja kwa moja pamoja na turbo, na njia ya kurudisha petroli tangini. Ukifunga pampu ya psi 10 bila regyuleta ya namna hiyo, turbo itapata petroli lakini kabureta zitafurika pikipiki ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani.

Presha peke yake haitoshi, kiasi nacho kina hesabu. Injini ya turbo iliyowekwa kwa mchanganyiko salama inakula takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Gold Wing ya nguvu farasi 110 itataka kilo 30 kwa saa, ambazo ni karibu lita 40. Kwa hiyo pampu itoe angalau mililita 340 katika nusu dakika, na si ikiwa wazi, bali ikisukuma dhidi ya psi 10. Pampu nyingi za bei nafuu hutoa kiasi kinachoandikwa kwenye boksi pale tu mdomo wake unapokuwa wazi.

Ukishapima ukaona presha na kiasi viko sawa, tazama valvu za sindano za chemba ya floti, chujio, na mpira uliopindana chini ya kiti. Angalia pia floti zenyewe. Floti yenye uwazi ndani inaweza kubonyea au kupasuka ikikandamizwa na presha, ikajaa petroli, ikazama. Hapo dalili inageuka, kabureta inafurika.

Pampu iwe na rilei inayoizima injini inapozimika. Swichi ya presha ya oili inafaa kwa kazi hiyo. Pikipiki iliyoanguka huku pampu ikiendelea kumimina petroli juu ya turbo yenye moto mkali haihitaji maelezo.

Harufu ya petroli, kabureta zimelowa kwa nje

Kwenye mfumo wa kusukuma, kila tundu ambalo zamani lilivuta hewa kidogo ndani sasa linatema mchanganyiko nje. Wahalifu wa kawaida ni sili za mhimili wa kipepeo (kibao kinachofunguliwa na ekseleta), kisha mhimili wa choki, kisha gasketi za chemba. Maliza petroli yote kwenye kabureta, injini ikiwa imepoa, ziba njia, ingiza upepo wa psi 5 kwenye boksi la hewa na upake maji ya sabuni. Povu litakuonyesha. Fanya hivyo hivyo kwenye mabomba yote mpaka kwenye manifoldi (mabomba yanayoingia kwenye silinda). Bonasi ya jaribio hili ni kwamba utapata pia uvujaji unaokunyima presha ya turbo.

Inagonga, au husikii kitu lakini plagi zinasema

Ukiwa na helmeti, upepo na sauti ya eksozi, hutasikia injini ikigonga (mchanganyiko ukilipuka wenyewe ndani ya silinda) mpaka imeshaharibika. Zoea kusoma plagi. Vuta presha kamili kwa muda mfupi, zima injini hapo hapo huku umekata klachi, simama pembeni, toa plagi. Vidoti vyeusi kama pilipili manga kwenye kauri nyeupe ni onyo. Vidoti vinavyong'aa ni alumini ya pistoni yako, na safari ya turbo imekwisha mpaka chanzo kijulikane.

Vyanzo vinasaidiana, kwa hiyo usikamate kimoja ukaridhika. Injini hii ina uwiano wa mkandamizo wa 9.2 kwa 1, ambao ni mkubwa kwa turbo isiyo na kipoza hewa. Psi 7 usawa wa bahari, hewa ikiwa na nyuzi 30 na turbo ikiwa na ufanisi wa asilimia 65, inaingia kwenye injini ikiwa karibu nyuzi 85 za sentigredi. Ndiyo maana kwa mfumo wa kusukuma mimi sipiti psi 6 au 7 bila kubadili pistoni au kuweka kipoza hewa. Mfumo wa kuvuta una unafuu hapa, kwani petroli inayogeuka mvuke ndani ya turbo inapoza hewa.

Taiming ya moto, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ndiyo inayofuata. Kwenye GL1000 yenye platini (swichi ya kimekanika inayoamuru cheche), uzito wa kimekanika ndio unaosogeza moto mbele kadiri mizunguko inavyoongezeka, na uzito huo haujui kama kuna turbo au la. Kama kianzio, rudisha nyuma digrii 1 hadi 1.5 kwa kila psi ya turbo. Ukirudisha taiming yote kwa kuzungusha bamba la platini, injini itakuwa goigoi chini na eksozi itachemka. Bora upunguze mwendo wa uzito ili taiming ya chini ibaki palepale na ya juu ndiyo ipungue, au ufunge kidhibiti cha umeme kinachosoma presha ya turbo. Hakikisha pia springi za uzito hazijalegea. Zikilegea taiming inakimbilia mbele mapema, hasa pale turbo inapoingia.

Plagi ziwe baridi zaidi kwa hatua moja, mathalani NGK D9EA badala ya D8EA, na mwanya uwe mdogo, kama milimita 0.6. Mwanya mkubwa chini ya presha ya turbo huzima cheche, na injini inamisi kwa namna inayofanana sana na kukosa petroli. Namna ya kuzitofautisha ni kipima mchanganyiko pamoja na geji ya petroli: cheche ikikosekana, oksijeni isiyoungua inaifanya sensa ionyeshe hewa nyingi ingawa petroli ipo, kwa hiyo presha ya petroli ikiwa imara huku sensa ikiruka, kagua plagi, koili na nyaya kabla ya jeti.

Sasa ndipo jeti zinakuja. Chini ya presha lenga uwiano wa hewa na petroli wa 11.5 hadi 12, yaani kilo za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwenye mwendo wa kawaida 14 unatosha. Kabureta hupima ujazo wa hewa kuliko uzito wake, hivyo hewa ikiwa nzito petroli haiongezeki kwa kiwango kile kile, inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha hiyo nyongeza tu. Kwa psi 7 zenye joto tulilotaja, hewa ni nzito kwa karibu asilimia 25, na petroli itaongezeka kwa asilimia 12 hivi. Pengo linalobaki, kama asilimia 12, ndilo utakaloziba kwa jeti kuu yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 6. Hicho ni kianzio, sensa ndiyo itakayosema mwisho wake.

Na oktani, uwezo wa petroli kustahimili kugonga. Maelekezo ya vifaa vya Marekani yakisema petroli ya 91, ile ni namba ya pampu za kwao, wastani wa vipimo viwili. Kwa RON, ambayo ndiyo inayotumika sehemu kubwa ya dunia, hiyo ni karibu 95 au 96. Mtu anayejaza RON 91 akidhani ametii kitabu amejiwekea mtego.

Moshi wa bluu

Jiulize unatoka lini. Kwenye mfumo wa kuvuta, ukitoka baada ya kusimama dakika kadhaa au unapoachia ekseleta kuteremka mlima, chanzo ni mvuto. Kipepeo kiko kabla ya turbo, kikifungwa injini inanyonya kupitia turbo, na mvuto unafika kwenye sili ya upande wa hewa. Turbo za kawaida za magari ya dizeli zina sili ya ringi, ambayo inategemea presha kufanya kazi. Ukiifunga kwenye mfumo wa kuvuta itavuta oili kila unapofunga ekseleta, hata ikiwa mpya kabisa. Inatakiwa turbo yenye sili ya kaboni upande huo. Nimeona watu wakibadili turbo mbili za aina ileile kwa tatizo hili, na duka halikuwaambia.

Kwenye mfumo wa kusukuma, moshi wa bluu wa turbo karibu kila mara ni oili isiyopata njia ya kurudi. Gold Wing ina ubishi wa kipekee: matundu ya eksozi yanatazama chini, kwa hiyo mahali rahisi pa kuweka turbo ni chini, karibu na usawa wa oili ya kwenye sampu au hata chini yake. Oili haipandi mlima yenyewe. Ikiwa turbo iko chini, lazima pampu ndogo ya kuivuta iirudishe. Ikiwa iko juu, bomba la kurudi liwe na upana wa milimita 12 au zaidi, literemke bila kupinda kama sifoni, na liingie juu ya usawa wa oili. Presha kubwa ndani ya kreki (tumbo la injini) nayo huizuia oili kurudi, kwa hiyo kagua mpira wa kupumulia injini.

Moshi unaotoka tu unapovuta kwa nguvu, ukiambatana na mpira wa kupumulia unaotema oili, unaelekea kwenye ringi za pistoni. Rudi kwenye kipimo cha kompresheni.

Oili ya Gold Wing inaoga klachi pia, na unga wa klachi unazunguka mpaka kwenye beringi za turbo. Badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, na baada ya mwendo mkali acha injini ingurume dakika moja kabla ya kuzima ili oili isiungue ndani ya turbo.

Inakohoa ikiwa baridi, moshi mweusi, mlipuko wa nyuma

Haya ni ya mfumo wa kuvuta, na sehemu yake huponi, unaizoea. Petroli ina safari ndefu kutoka kabureta hadi silinda, inatua kwenye kuta baridi za mabomba, inatiririka kama maji, halafu silinda moja inapata nyingi na nyingine inakosa. Pitisha maji ya moto ya injini chini ya kabureta na chini ya manifoldi. Hii pia inazuia barafu kwenye kabureta, ambayo kwenye hewa yenye unyevu hujitokeza hata kukiwa na nyuzi 10 juu ya sifuri.

Manifoldi nzima imejaa mchanganyiko unaoweza kuwaka, hivyo mlipuko mmoja wa nyuma unaweza kupasua mabomba. Vali ya usalama inayofunguka na kujifunga ni lazima. Kipoza hewa usikiweke kabisa kwenye mfumo huu, kwani petroli itajikusanya humo. Wala ile vali ya kupiga mluzi unapoachia ekseleta, ambayo vijana wanaipenda: hapa itatema petroli nje, na haina kazi kwa kuwa kipepeo hakiko baada ya turbo.

Presha ya turbo haiji, au inazidi

Isipokuja, tafuta masizi kwenye viungo vya eksozi kati ya injini na turbo, kwa sababu pale penye masizi ndipo nguvu ya turbo inapotokea nje. Mabomba marefu ya kuunganisha silinda za pande mbili yanapoteza joto, yafunge kwa kitambaa cha kuzuia joto. Westgeti (vali inayopitisha eksozi kando ya turbo ili presha isizidi) ijaribu kwa pampu ya mkono yenye geji: ifunguke pale springi yake inaposema, si kabla. Vikiwa sawa vyote hivyo, turbo yako ni kubwa mno kwa injini hii.

Ikizidi, mpira wa westgeti umechomoka au umepasuka. Lakini vifaa vingi vya zamani vya kuvuta havikuwa na westgeti. Presha ilizuiwa na udogo wa kabureta na ukinzani wa silensa. Mtu akibadilisha silensa ili apate sauti nzuri, au akaweka chujio huru zaidi, presha inapanda bila yeye kugusa turbo. Ukinunua pikipiki ya namna hiyo mkononi, uliza silensa imebadilishwa lini.

Nairobi iko sawa, Mombasa inagonga

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya takriban psi 11.9 badala ya 14.7. Westgeti inapima juu ya hewa iliyopo, kwa hiyo psi 7 za Nairobi zinafanya jumla ya 18.9, na psi 7 za Mombasa zinafanya 21.7. Geji inasoma namba ileile, injini inameza presha zaidi kwa asilimia 15. Kwa kanuni ile ya kabureta, mchanganyiko uliokuwa 12 unaweza kufika 12.9, pungufu kidogo kwa sababu hewa ya Pwani ina joto. Joto hilo hilo linasogeza injini karibu na kugonga. Weka jeti na taiming kwa ajili ya kule chini, ukubali mchanganyiko wenye petroli nyingi kidogo kule juu, au punguza psi 2 kabla ya kuteremka.

Upande wa pili, mtu wa Nairobi anayeongeza presha ili afidie urefu anaizungusha turbo kwa kasi zaidi kuliko geji inavyoonyesha. Psi 7 pale tayari ni uwiano wa karibu 1.6, dhidi ya 1.5 ya Mombasa.

Klachi na umeme

Mizunguko ikipanda na mwendo usipande kwenye gia ya juu, klachi inateleza. Kabla ya kununua springi ngumu, hakikisha oili ni ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huiharibu klachi hii bila msaada wa turbo.

Alteneta ya GL1000 ni takriban wati 300, na sasa umeiongezea pampu na vidhibiti juu ya feni na taa. Volti zikishuka, pampu inapoteza presha na koili zinapoteza cheche, na unarudi kwenye dalili za mwanzo bila kujua. Pima volti kwenye betri kwa mizunguko 3,000 ukiwa umewasha kila kitu. Ikiwa chini ya 13, shughulikia hilo kabla ya kugusa turbo, na ujiandae, maana koili za alteneta ziko nyuma ya injini na ili uzifikie injini yote inashuka kwenye fremu.